Saa ya ukutani isiyo na jina: anza na mashine, uso na sanduku baadaye

Mkuu aliyeuliza kuhusu saa ya marehemu babu yake: ameeleza kuwa ni ya ukutani, sanduku la mbao lenye kioo mbele, matundu mawili ya ufunguo, usoni hakuna jina, na nyuma ya mashine imegongwa nyota, "B 11" na "42/100". Muuzaji wa vitu vya kale amemwambia ni ya Kiingereza ya mwaka 1842, kwa sababu ya hiyo 42. Si kweli. Hiyo ni Junghans ya Schramberg, Ujerumani, iliyotengenezwa nusu ya pili ya mwaka 1911. Nyota ya ncha nane ni chapa yao tangu 1890. Herufi A ni Januari hadi Juni, B ni Julai hadi Desemba, na namba inayofuata ni mwaka. Hiyo 42/100 ni ya pendulamu: urefu sentimita 42, mapigo 100 kwa dakika. Kiwanda chenyewe kilianzishwa mwaka 1861, kwa hiyo 1842 haiwezekani hata ukitaka iwezekane.

Wengine mmeuliza mfanyeje kwa zile zisizo na nyota wala herufi. Hapo inabidi kuisoma mashine yenyewe, na jibu lake ni refu.

Kanuni ya kwanza: uso na sanduku usivisikilize sana. Uso wa karatasi au wa bati hubadilishwa ukichakaa, mbao huliwa na mchwa zikachongwa nyingine, na jina lililoandikwa usoni mara nyingi ni la duka lililouza. Mashine ndiyo ngumu kughushi, maana kila kiwanda kilikuwa na mashine zake za kukatia mabamba (vile vipande viwili bapa vya shaba vinavyoshika magurudumu katikati, vikiunganishwa kwa nguzo), na umbo la bamba halibadiliki kirahisi.

Kabla ya kufungua

Toa pendulamu kabla hata hujaishusha saa ukutani. Ukiibeba saa na pendulamu yake, kile kijibati chembamba cha springi kinachoishikilia hupinda au hukatika. Kikishapinda, pendulamu hucheza ikiyumba upande, na saa haitulii mpaka ukibadilishe. Kama ni saa ya vyuma vya uzito, viteremshe na uviwekee alama ya kushoto na kulia, maana huenda havilingani.

Halafu mishale. Wa dakika umeshikwa na pini ya kabari au nati ndogo. Ukitoa hiyo, mshale unachomoka. Wa saa umekaa kwa kubana tu, uvute huku ukiuzungusha taratibu. Ukitoa uso utaiona mashine, imefungwa kwa skrubu mbili hadi nne.

Kutambua mashine hakuhitaji kutenganisha mabamba. Narudia kwa sababu ndipo watu wanapoumia: springi ya saa ya siku nane (inayotembea siku nane kwa kujazwa mara moja) ikiwa imejaa ina nguvu ya kuvunja kidole, na ukilegeza nati za nguzo ikiwa imejaa, magurudumu huruka na meno hukatika. Ikiwa lazima uipunguze nguvu, tia ufunguo, ushike imara, sukuma pembeni kidole cha racheti (kile kinachozuia springi isirudi nyuma), kisha uache ufunguo uteleze kidogo kidogo kiganjani hadi springi iishe. Ufunguo wenye masikio haufai kwa kazi hiyo, utakuponyoka na kukupiga. Tafuta au chonga wenye mpini wa mbao wa mviringo.

Piga picha nne: mbele bila uso, nyuma, ubavuni (ili mambo ya katikati ya mabamba yaonekane), na pendulamu pamoja na kinachoishikilia. Chukua vipimo kwa venia (kile kipimo cha kubana chenye taya mbili): upana, urefu na unene wa bamba, umbali kutoka kitovu cha ekseli moja ya ufunguo hadi ya pili, umbali wa kila ekseli hadi ile ya mishale, na upana wa ile ncha ya mraba inayoingia kwenye ufunguo. Umbali kati ya ekseli ndiyo namba inayosaidia kuliko zote, kwa sababu mashine mbili zinaweza kufanana kwa macho ya haraka lakini zikatofautiana milimita tatu hapo, na hiyo inatosha kukuambia kwamba ni viwanda viwili.

Hesabu mapigo

Hesabu tiki na taka zote kwa dakika moja kamili. Saa ikiwa haitembei, itundike, isukume pendulamu kwa mkono na uiache icheze yenyewe. Itacheza vya kutosha kufika dakika moja. Ukipata idadi, gawa 3,578,400 kwa idadi hiyo mara yenyewe, jibu ni urefu kwa milimita. Mapigo 60 yanakupa 994, mapigo 80 yanakupa 559, 100 yanakupa 358, 120 yanakupa kama 248. Huo ni urefu wa hesabu, unaoishia karibu na katikati ya ule uzito wa chini. Fimbo nzima pamoja na nati yake huwa ndefu zaidi, ndiyo maana saa ya mkuu wetu imeandikwa 42 na hesabu inatoa 35.8. Hakuna ugomvi hapo.

Faida ya hesabu hii ni kwamba inakuonyesha kama pendulamu iliyopo ni ya saa hiyo kweli. Bamba likisema 100 na pendulamu uliyopewa inapiga 112, imetoka kwenye saa nyingine, na hiyo saa itakimbia mpaka ichoshe.

Na hapa kuna jambo la kwetu. Mvuto wa dunia karibu na ikweta ni mdogo kidogo kuliko Ulaya. Jean Richer aliligundua mwaka 1672 alipopeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Saa iliyorekebishwa Ujerumani ikining'inizwa Mombasa au Unguja itachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku bila ubovu wowote, na joto linalorefusha fimbo ya chuma huongeza kidogo. Kwa pendulamu ya mapigo 100 dawa ni kupandisha uzito kama milimita moja na kidogo. Fundi asikuuzie gurudumu kwa sababu ya hilo.

Nguvu inatoka wapi

Angalia matundu ya ufunguo. Moja: inaonyesha saa tu. Mawili: inagonga pia. Matatu: inaimba kila robo. Tahadhari na tundu la bandia: zipo nyuso zilizotobolewa matundu mawili ilhali nyuma kuna ekseli moja tu.

Kisha tazama chanzo cha nguvu: vyuma vya uzito, springi iliyo wazi, springi iliyofichwa ndani ya kopo la shaba, au springi ndani ya kopo linalovuta mnyororo kwenye koni yenye mifereji. Hiyo koni ukiiona, fikiria Uingereza kwanza. Kazi yake ni kusawazisha nguvu: springi ikiwa imejaa inavuta kwenye sehemu nyembamba ya koni, ikianza kuchoka inavuta kwenye sehemu pana. Zile saa za mviringo za stesheni na ofisi za Waingereza, uso mweupe na tundu moja, nyingi zina koni hiyo ndani. Zamani ilivutwa kwa uzi wa utumbo, baadaye kwa mnyororo mwembamba, lakini usiutumie uzi kama ushahidi wa umri. Mafundi walibadilisha kwenda na kurudi.

Za Marekani

Hizi ni rahisi kuzitambua ukishaiona moja. Mabamba ni membamba, yamekatwa kwa presi na kuachwa matundu makubwa ili kuokoa shaba, kiasi kwamba unaona kila kitu bila kufungua. Springi ziko wazi, na mwisho wake una kitanzi kilichoingizwa kwenye nguzo. Pinioni, yaani gurudumu dogo linalosukumwa na kubwa, haikuchongwa kwa chuma kimoja: ni vijiti vya waya vya chuma vilivyosimamishwa duara kati ya visahani viwili vya shaba. Nanga yake, ile sehemu inayozuia gurudumu na kuliachia jino moja moja, ni ukanda wa chuma uliokunjwa tu ncha zote mbili. Pendulamu haifungwi juu moja kwa moja: kijibati cha springi kinaendelea kuwa waya mrefu, na uzito unaning'inia chini kwenye ndoano.

Chapa hugongwa kwenye bamba la mbele, kwa hiyo bila kutoa uso hutaiona. Ansonia, Waterbury, New Haven, Ingraham, Gilbert, Sessions na Seth Thomas ndiyo majina makubwa, karibu yote ya Connecticut. Mahali palipoandikwa panasaidia kupata tarehe. Ansonia ikiandikwa Connecticut ni ya kabla ya kuhamia Brooklyn mwaka 1879. Ikiandikwa New York ni ya baadaye, na mwisho wake ni 1929, pale mitambo ilipouzwa kwa Urusi ya Kisovieti. Seth Thomas yenye karatasi ya "Plymouth Hollow" ni ya kabla ya 1865 au miaka hiyohiyo, kwa sababu mji ule ulipewa jina Thomaston mwaka 1865.

Seth Thomas pia wana mtego mzuri: chini au nyuma ya sanduku waligonga mwaka ukiwa kinyume, ukifuatiwa na herufi ya mwezi kuanzia A hadi L. "8981 F" ni Juni 1898. Watu wanaidhania namba ya mfululizo.

Ukiona neno linaloanza na "Patented" na tarehe, hiyo ni tarehe ya hataza. Saa ilitengenezwa baada ya hapo, pengine miaka ishirini baada. Usimwambie mnunuzi kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa.

Kama mabamba na magurudumu ni ya mbao, mara nyingi unatazama Connecticut ya takriban 1814 hadi 1840, kazi iliyoanzishwa na Eli Terry. Huku pwani sitegemei uikute nzima.

Mashine za Marekani zina faida moja kwa anayetaka kuitengeneza: vipimo vya springi vimezoeleka. Ya siku nane ya kawaida ni upana milimita 19, unene kama 0.45, urefu kama mita 2.4. Pima upana na unene kabla ya kuagiza. Springi nene kuliko ya awali hula meno na kupanua matundu.

Za Japani

Seikosha, kiwanda cha Kintaro Hattori kilichoanza Tokyo mwaka 1892, na wenzao wa Nagoya walifuata mpango wa Kimarekani: springi wazi, pinioni za vijiti, nanga ya ukanda. Ndiyo maana saa ya Kijapani isiyo na chapa huitwa ya Kimarekani kila siku. Tazama mpangilio wote kwa pamoja, umbo la matundu ya bamba na vipimo vya ekseli, kisha tafuta maandishi kwenye bamba la mbele na kwenye kipande cha chuma kinachobeba gongi, ule waya mnene uliozungushwa duara nyuma ya mashine.

Zile zilizoandikwa "31 DAY" kwenye kioo au uso, za Japani, Korea au China, si za kale. Ni za nusu ya pili ya karne ya 20, hata kama sanduku limechongwa maua na simba juu. Ni saa nzuri za kazi, lakini bei yake isiwe ya antika.

Za Ujerumani

Hapa ndipo penye utajiri na mkanganyiko, kwa kuwa Wajerumani walifanya aina mbili. Ya kwanza ni ya mtindo wa Kimarekani: bamba lenye matundu makubwa, springi wazi. Junghans walifanya hivyo, na kiwanda jirani cha Hamburg-Amerikanische, chenye chapa ya mishale miwili iliyopishana, kilibeba Amerika hadi kwenye jina. Ya pili ni bamba zima zito, springi ndani ya makopo, pinioni za chuma zilizochongwa. Unapokwama kati ya Marekani na Ujerumani, nenda kwenye pendulamu. Ya Kijerumani huning'inia kwa kijibati kifupi chenye vishikizo vya shaba na pini, chini yake kiungo, kisha fimbo yenye ndoano juu. Pia tafuta zile namba mbili zenye mkwaju katikati. Sentimita na mapigo kwa dakika ni tabia ya Kijerumani. Mmarekani hakuwa anazigonga.

Gongi imefungwa kwenye kipande cha chuma cha kusubu. Soma kipande hicho, mara nyingine kina chapa ambayo mashine haina.

Gustav Becker wa Freiburg, Silesia (leo Świebodzice, Poland) wana taji, nanga na herufi GB, pamoja na namba ya mfululizo inayosaidia sana: karibu 500,000 ni mwaka 1885, karibu milioni moja ni 1892. Lakini walikuwa na tawi Braunau, Bohemia, lenye mfululizo wake, kwa hiyo ukiona jina Braunau usitumie jedwali la Freiburg. Lenzkirch, kiwanda cha mwaka 1851 katika Msitu Mweusi, ndio waliokuwa na kazi safi kuliko wote kwa maoni yangu: bamba nene lililong'arishwa, na nguzo zisizo na mikwaruzo. Kienzle, Mauthe wa Schwenningen (herufi FMS) na Winterhalder & Hofmeier (W&H) mtawakuta pia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Becker na Hamburg-Amerikanische waliingia chini ya Junghans, basi mashine ya miaka hiyo yenye dalili za viwanda viwili si lazima iwe imechanganywa na fundi.

Zile ndefu za uzito zenye fimbo ya pendulamu ya mbao, ambazo wauzaji huziita za Vienna, nyingi ni za Ujerumani. Kishale kidogo cha sekunde kisikudanganye. Gurudumu la nanga lina meno 30, yaani linamaliza mzunguko kwa mapigo 60. Pendulamu ikipiga 80 kwa dakika, kishale hicho kinamaliza mzunguko kwa sekunde 45. Hakijaharibika, ni pambo.

Ukiona Hermle, na namba ya tarakimu tatu, kistari, tarakimu tatu, mfano 340-020, hiyo ni ya kisasa. Kampuni ilianza 1922 na mashine za namba hizo ni za miongo ya baadaye. Kuna sanduku nyingi za kale zilizopachikwa Hermle baada ya mashine ya awali kufa.

Za Ufaransa

Saa za mezani za marumaru, za shaba iliyopakwa dhahabu, zenye sanamu. Ndani kuna mashine ya mabamba ya duara, mazito, iliyoingizwa kutoka mbele na kufungwa kwa skrubu mbili ndefu kwenye pete ya nyuma. Springi ziko ndani ya makopo, pinioni ni nyembamba na zimechongwa vizuri mno. Ncha za ekseli ni nyembamba kiasi kwamba fundi wa redio asiruhusiwe kuigusa.

Bamba la nyuma ndilo hati. Kuna mhuri wa duara wa aliyetengeneza mashine ghafi: Japy Frères, S. Marti, Vincenti, A.D. Mougin. Mihuri hiyo mara nyingi hutaja medali na mwaka wa maonyesho. Vincenti anataja medali ya fedha ya 1834, Marti ana medali ya dhahabu ya Paris 1900. Mwaka huo ni kikomo cha chini: saa haiwezi kuwa ya kabla yake, ila inaweza kuwa ya muda mrefu baada yake. Jina lililo usoni la mtaa wa Paris ni la mwenye duka.

Chini ya bamba utaona namba mbili zimetengana, kwa mfano 5 4. Huo ni urefu wa pendulamu kwa inchi za kale za Kifaransa na sehemu zake kumi na mbili. Inchi hiyo ni milimita 27.07, sehemu yake moja ni 2.256. Kwa hiyo 5 na 4 ni 135.4 na 9, jumla kama milimita 144. Walizitumia muda mrefu hata baada ya mita kuwa sheria kwao. Namba nyingine ndefu zaidi ni ya mfululizo, na mara nyingi ilirudiwa kwenye pendulamu na kwenye kishikizo cha kengele. Zisipolingana, vipande vimekusanywa.

Umri unasomeka kwenye kinachobeba pendulamu. Uzi wa hariri: kwa kawaida nusu ya kwanza ya karne ya 19 au kabla. Kijibati cha springi kinachorekebishwa kwa ufunguo mdogo juu ya namba 12: mfumo wa Brocot, fundi wa Paris, baada ya hapo. Ukiona nanga na gurudumu lake viko nje usoni, na nanga ina vijiwe viwili vyekundu vya nusu duara, ni Brocot pia.

Kuna ndugu yao wa kijijini kutoka Franche-Comté: kizimba cha chuma cha mraba, vyuma vya uzito, pendulamu kubwa ya bati lililopambwa. Huyu hugonga saa, kisha baada ya dakika mbili anarudia kugonga idadi ileile. Si ubovu, ameumbwa hivyo.

Za Uingereza, kwa ufupi

Saa ndefu za kusimama: mabamba mawili mazito ya mstatili, nguzo nne au tano zilizochongwa kwa mashine ya kukereza, pendulamu ya sekunde moja ya kama mita moja, na mashine yote imekaa juu ya ubao. Uso wa shaba ni wa zamani zaidi. Uso wa bati uliopakwa rangi ulianza miaka ya 1770 huko Birmingham. Geuza uso huo: mara nyingi kuna fremu ya chuma ya kusubu kati yake na mashine, yenye jina la mtengeneza uso. Watu wengi husoma jina hilo na kusema ndiye aliyetengeneza saa. Za mezani za karne ya 18 zilikuwa na mfumo wa zamani wa gurudumu la taji, kisha nyingi zikabadilishwa kuwa nanga. Matundu yaliyozibwa kwenye bamba la nyuma yanasimulia hilo.

Inavyogonga

Kuna njia mbili. Gurudumu la kuhesabia lina mapengo kwenye ukingo, na umbali kati yake unaongezeka kutoka kwa mgongo wa moja hadi wa kumi na mbili, na halijui mishale iko wapi. Raki, chuma chenye meno kinachodondokea kwenye kisahani cha umbo la konokono, husoma saa moja kwa moja. Huna haja ya kufungua ili kujua: inua kwa kidole kiwiko kinachoachia kugonga. Ikirudia idadi ileile, ni raki. Ikienda kwenye hesabu inayofuata, ni gurudumu la kuhesabia. Mfaransa huliweka gurudumu hilo nje ya bamba la nyuma, Mmarekani huliweka kati ya mabamba.

Raki iligunduliwa Uingereza mwaka 1676, lakini viwanda viliendelea na gurudumu la kuhesabia hadi karne ya 20 kwa sababu ni rahisi. Kwa hiyo usiseme tu kwamba gurudumu la kuhesabia maana yake ni saa ya kale sana.

Ukikuta saa ya raki inaonyesha saa moja na inagonga saba, usifungue kitu. Kuna mtu alichomoa mshale wa saa na kuugeuzia upande wa pili ili isomeke kwa saa za Kiswahili, na konokono akabaki na saa za Kizungu. Rudisha mshale, zungusha saa mbele masaa sita ukiiacha igonge kila mara, basi. Kurudisha mishale nyuma ndiko kunakopinda pini za kugongesha.

Chapa isiyosomeka

Tochi iwe upande, karibu sambamba na bamba, herufi zitatoa kivuli. Pamba kwenye kijiti na mafuta ya taa kidogo yanatosha kuondoa uchafu. Kisha paka chaki na ufute juu, nyeupe itabaki ndani ya herufi. Msasa, brashi ya waya na dawa ya kung'arisha mahali penye mhuri ni kuiba kumbukumbu. Tafuta pia nyuma ya gongi na chini ya gurudumu la kuhesabia.

Maneno ya nchi yanasaidia. "Made in Germany" ni baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyolazimisha bidhaa za nje kutajwa asili. Marekani walifuata kwa sheria ya ushuru ya 1890. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990, na mtu akikuuzia hiyo kama ya enzi za Wajerumani Bagamoyo, mwache aendelee na biashara yake.

Mchanganyiko

Kuna saa nyingi sokoni zilizoungwa kwa vipande: mashine ya hapa, sanduku la kule, uso uliochapwa juzi na kuchovywa chai. Ekseli za ufunguo zisizokaa katikati ya matundu ya uso ni dalili ya kwanza. Ya pili ni matundu ya skrubu yaliyoachwa wazi au mbao mpya mahali mashine inapokaa. Ya tatu, kivuli cha gongi kwenye ubao wa nyuma kiko mahali pengine na gongi iko pengine. Na pendulamu: funga mlango, simama mbele. Uzito wake ucheze ndani ya kioo, usijifiche nyuma ya mbao wala kugonga chini. Mtengenezaji wa sanduku alikata kioo kile ili uonekane.

Mkuu, kwa saa ya babu: toa uso, nipe umbali kati ya ekseli mbili za ufunguo, uniambie springi ziko wazi au ndani ya makopo, na usome kipande cha chuma kinachobeba gongi. Pendulamu ipime kutoka kwenye ndoano hadi nati ya chini, kisha hesabu mapigo yake. Ikiwa ni kati ya 99 na 101, ni yake.